Askari amekuumiza: uende IPOA, IAU, Tume ya Haki ama kortini?

Mpwa wangu ni mtu wa boda hapa Mombasa, na jioni moja alivunjwa mkono kwa rungu kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya shilingi mia ambayo hakuwa nayo. Akanipigia saa tatu usiku, sauti imemkauka, "shangazi, sasa niende wapi?" na mimi ambae nimekaa miaka nabishana na watu kuhusu haki za raia nikakosa jibu, nikamwambia nenda kituoni ukaripoti. Nilimpotosha. Askari wa kaunta alimuuliza kapigwa na nani, akasema ni askari wenu wa pale barabarani, yule bwana akafunga kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, akamwambia rudi kesho uonane na OCS, mkuu wa kituo. Kesho OCS ana mkutano. Kesho kutwa katoka. Siku tatu zimepita mkono umefura kama mhogo na hospitali hajaenda, manake kuna mtu alimtia maneno kwamba daktari haruhusiwi kumgusa mtu aliyepigwa kama hana fomu ya polisi inayoitwa P3.

Tangu siku ile nimekuwa nikisaidia watu wa mtaani kwetu kuandika malalamiko yao, na swali ni lile lile kila mara, niende wapi, IPOA (mamlaka huru ya raia ya kuchunguza polisi) ama IAU (kitengo cha polisi cha kujichunguza wenyewe) ama Tume ya Haki za Binadamu ama nitafute wakili. Majibu wanayopewa ni ya kubahatisha, huyu anasema IPOA hawafanyi chochote, yule anasema usiende kortini utamaliza miaka. Kwa hivo naziweka ofisi zote hapa pamoja tuzilinganishe, kila moja inaweza nini na haiwezi nini, alafu wewe uchague kulingana na unachotaka.

Lakini kabla ya ofisi yoyote, hospitali. Tafadhali nisikilizeni kwa hili. Katiba ya Kenya kifungu cha 43 inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, na P3 si tiketi ya kutibiwa, ni fomu ya ushahidi ambayo polisi anajaza sehemu ya mwanzo na daktari anajaza zilizobaki ili kesi ikifika kortini hakimu ajue uliumia kiasi gani. Unaweza kutibiwa leo na P3 ikajazwa baadae kutoka kwenye faili lako la hospitali. Fomu yenyewe ni bure, wala hulazimiki kuingojea kaunta ya kituo, polisi wameiweka kwenye tovuti yao unaweza kuiprinti. Faili la hospitali ndo roho ya kesi yako yote, manake limeandikwa siku ile ile na mtu ambaye hana ugomvi na yeyote. Ukimuona daktari mwambie aandike ulivyoumia na aandike umesema ni nani kakuumiza, usione haya wala usiseme ulianguka. Watu wengi wanasema walianguka kwa sababu wanaogopa, na miezi sita baadae wakili wa askari anasimama na karatasi hio hio anaisoma kwa sauti.

Kuna kitu kimoja ndani ya P3 ambacho watu hawakijui na mimi nilikijua kwa bahati tu. Daktari anatakiwa aseme jeraha ni la daraja gani, na yako matatu, dhara la kawaida, dhara kubwa, na kulemazwa. Sasa ile tofauti ya neno moja ndo tofauti ya kesi, manake kumpiga mtu ukamdhuru kawaida kifungo chake kinafika miaka 5 lakini dhara kubwa kinaweza kufika maisha. Mpwa wangu alipofika kwa daktari mara ya kwanza kulikuwa na foleni, yule daktari kijana akamtazama mkono akaweka alama kwenye dhara la kawaida. Nikamuomba, daktari mwanangu, eksirei bado haijatoka, tunaweza kungoja? Hakukasirika hata kidogo. Eksirei ikatoka mfupa umekatika mara mbili, akachukua fomu nyingine akaandika upya, akapiga muhuri. Mimi sikusoma udaktari wala sheria, niliomba tu tungoje picha, na wewe unaweza kuomba hivo hivo.

Na kama ni ubakaji, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kuna fomu nyingine inaitwa PRC, ya huduma baada ya ubakaji, ambayo inajazwa hospitalini na mhudumu wa afya bila kungoja polisi. Kama aliyefanya ni askari usiende kituo chake kabisa, nenda hospitali moja kwa moja, piga 1195 simu ya bure uelekezwe. (Wenzetu wa Tanzania wana fomu yao ya PF3 na kilio cha kuzungushwa ni kile kile, ila wao hawana chombo cha raia cha kuchunguza polisi kama IPOA, malalamiko yao yanaenda kwa polisi wenyewe ama Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa hivo haya mengine nitakayosema ni ya Kenya.)

Haya sasa, ofisi zenyewe. Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni unataka nini hasa. Unataka yule mtu afungwe? Unataka ulipwe gharama na maumivu? Unataka tu aondolewe pale barabarani asikusumbue tena? Ama kuna mtu amepotea na unataka apatikane akiwa hai? Haya ni mambo tofauti na kila moja lina mlango wake, na shida kubwa ninayoiona ni mtu anataka fidia alafu anakaa miaka mitatu akiingojea IPOA, ofisi ambayo inaweza kupendekeza ulipwe lakini haina uwezo wa kukulipa.

IPOA na IAU ndo zinachanganya watu zaidi kwa sababu zote zinachunguza polisi na zote zilizaliwa kwa sheria za mwaka 2011, baada ya zile ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 ambapo tume ya Jaji Waki iliyozichunguza ilionyesha watu wengi waliuawa kwa risasi za polisi wenyewe. Tofauti yake ni hii. IPOA ni ya raia, haiko chini ya Inspekta Jenerali, haivai sare. IAU ni kitengo cha ndani ya polisi, maafisa wake ni polisi, na inaripoti kwa Inspekta Jenerali. Kwa hivo ukienda IAU unamshtaki askari kwa wakubwa wake, ukienda IPOA unamshtaki kwa watu wa nje.

Usidharau IAU lakini. Kuna mambo inafanya haraka kuliko IPOA, hasa yale ya nidhamu, askari anakutukana kila siku, anakataa kuandika OB, anachukua pikipiki yako anaiweka wiki mbili bila kukushtaki, amelewa kazini. Adhabu za ndani zipo na zinauma, kusimamishwa kazi, kuzuiliwa mshahara, kushushwa cheo mpaka kufutwa. Kuna mama muuza samaki nilimsaidia, askari alikuwa akichukua samaki kila Ijumaa bila kulipa, hakuumizwa, hakutaka mtu afungwe, alitaka tu iishe. Barua ikaenda IAU ikiwa na tarehe za Ijumaa saba na namba ya kazi ya yule askari, na kabla ya miezi miwili kuisha yule mtu hakuonekana tena pale sokoni. Sijui alipelekwa wapi na hapo ndo naona udhaifu wa IAU, manake ukiuliza wamemfanya nini unaambiwa hatua imechukuliwa, basi. Inawezekana amehamishwa tu anachukua samaki wa mama mwingine. Kama unataka kujua mwisho wa jambo lako, IAU haikupi amani hio.

Kwa kuumizwa vibaya, kupigwa risasi, ama kifo, nenda IPOA, na sisemi hivi kwa kukisia. Sheria inawalazimu polisi wenyewe kuijulisha IPOA kila mtu akifa ama akiumia vibaya kwa sababu ya kitendo cha polisi ama akiwa mikononi mwao, na pia IPOA ina nguvu ya kuchukua uchunguzi wa IAU ukionekana unacheleweshwa bila sababu. Huna haja ya wakili. Huna haja ya pesa. Unaweza kwenda mwenyewe, wana ofisi Nairobi na kwenye miji mingine ikiwemo hapa Mombasa, ama upige 1559 bure, ama uandike, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yako, na unaweza kuomba jina lako lisitolewe.

Sasa kile ambacho IPOA haiwezi. Haishtaki mtu. Ikimaliza kuchunguza inapeleka faili kwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na DPP ndo anaamua kama kuna kesi ama hapana, anaweza kulirudisha faili aseme halijakamilika, na hapo miezi inaenda. Pia haikulipi. Na ina wachunguzi wachache kwa polisi zaidi ya laki moja, malalamiko yamekuja maelfu kwa maelfu tangu ianze na hukumu zilizopatikana ni chache mno ukizilinganisha. Mtu akikuambia IPOA ni pole anasema kweli.

Lakini nikisikia mtu anasema IPOA haifanyi chochote huwa namkumbusha Kwekwe Mwandaza. Alikuwa msichana wa miaka 14 kule Kinango, Kwale, polisi waliingia nyumbani kwao usiku Agosti 2014 wakitafuta mtu mwingine, wakampiga risasi akafa, alafu maelezo yakawa eti aliwavamia na panga. Mtoto. IPOA ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikawatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza faili la IPOA kufika kwenye hukumu, na ni familia ya kijijini, wala hawakuwa watu wenye majina makubwa. Miaka 7 kwa roho ya mtoto mimi naona ni kidogo sana, nasema wazi, ila bila ile ofisi habari ingeishia kwenye panga.

Na lazima niseme na upande wa hatari, manake siwezi kumwambia mtu aende IPOA alafu nikanyamaza kuhusu hili. Josephat Mwenda alikuwa mtu wa boda kama mpwa wangu, alipigwa risasi na askari, akalalamika IPOA, na tangu alalamike akaanza kubambikiwa kesi. Juni 2016 akitoka kortini Mavoko na wakili wake Willie Kimani na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa wote watatu wakauawa, miili ikapatikana mtoni kule Ol Donyo Sabuk. Hukumu ilitoka Julai 2022 na Februari 2023 afisa Fredrick Leliman akahukumiwa kifo, na wenzake watatu wakapewa vifungo vya miaka 20 hadi 30. Miaka sita na nusu. Kwa hivo kama yule askari anakujua kwako, anajua pikipiki yako na njia unayopita, sema hivo siku ile ile ya kwanza unapoandikisha, uandike kwenye malalamiko yenyewe kwamba unaogopa na kwa nini. Kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi na IPOA inaweza kukupeleka huko. Kwa mambo ya hatari hivi usiende peke yako, nenda kupitia shirika la haki za binadamu, hapa Pwani tuna HAKI Africa na MUHURI, Nairobi kuna IMLU ambao wana madaktari wao wa kuandika majeraha na kusimamia upasuaji wa maiti kwa niaba ya familia. Shirika likijua jina lako, mtu akikugusa kuna atakayepiga kelele ile ile jioni.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, iko tofauti kidogo. Wao si wa polisi peke yake, na hawafungi mtu. Nguvu yao ni kuhesabu, kuandika, kuita wakubwa wajibu, na kwenda kortini kwa jambo linalogusa umma. Nguvu ya kuhesabu si ndogo jamani. Baada ya maandamano ya Juni 2024 Rais alisema waliokufa ni 19, na Julai 1 Tume ikasema 39 na majeruhi 361, na ilisema kwa sababu ilikuwa na watu hospitalini na mochari wakiandika. Bila ile hesabu watu 20 wangekuwa hawakufa. Kwa hivo Tume naichagua wakati mmeumizwa wengi kwa pamoja na hamjui ni askari gani, nyuso zimefunikwa, namba hazionekani. Wengi wetu wa Mombasa tunakumbuka Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu wamepanga foleni Likoni wanataka tu kuvuka warudi nyumbani, kabla hata saa moja haijafika wakarushiwa vitoza machozi na kupigwa marungu, wakalazwa chini wakiwa wamebanana, eti ni kuzuia ugonjwa. Watu ninaowajua waliotoka pale na migongo imechanika walikandwa maji ya moto nyumbani ikaisha hivo, hakuna aliyekwenda hata zahanati kuandikiwa, na hii inaniuma mpaka leo kwa sababu kila mmoja alijiona yuko peke yake na hana jina la kumtaja. Hio ndo ilikuwa kazi ya Tume, watu hamsini na karatasi hamsini za hospitali za siku moja mahali pamoja.

Siku tatu baadae Yassin Moyo, miaka 13, akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko Nairobi, askari wakiwa wanasimamisha kafyu. Hio ikawa ya IPOA kwa sababu kifo kilikuwa kimoja, mahali panajulikana na risasi ilitoka kwenye bunduki iliyoandikwa kwa jina la mtu, na askari mmoja akashtakiwa. Unaona tofauti inavyokwenda.

Nije kortini, na hapa nitakaa kwa sababu ndo sehemu watu wanapoteza haki zao bila kujua. Kesi ya jinai si yako, ni ya DPP, wewe ni shahidi tu. Ya kwako ni fidia, na fidia ina njia mbili. Moja ni kesi ya madai ya kawaida, kumshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya polisi, na hio ina muda wa miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Kumi na mbili. Watu wanadhani ni miaka mitatu kwa sababu jirani alishtaki gari la matatu kwa ajali akaambiwa miaka mitatu, serikali ni sheria nyingine. Nimeona mtu mwenye eksirei, P3, mashahidi wanne na video, amekuja mwezi wa kumi na tano kwa sababu alikuwa anangoja IPOA wamalize, na wakili akamrudishia bahasha yake kwa mikono miwili.

Njia ya pili ni kesi ya katiba chini ya kifungu cha 22, kwamba haki zako zimevunjwa, kifungu cha 29 kinakataza kuteswa na kupigwa, na cha 25 kinasema kuteswa hakuna sababu yoyote inayokuhalalisha. Hio haina muda maalum ila usikae, jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Katiba yenyewe inasema hakuna ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida ikibidi. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili, kama una miezi 12 yako bado na una wakili wa msaada nasema zungumza nae kuhusu kesi ya katiba, kwa sababu unaweza kudai mambo ambayo kesi ya kawaida haikupi, mfano kwamba polisi walikataa kuchunguza. Disemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kesi ya watu wanane waliofanyiwa ukatili wa kijinsia kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wanne kati yao wakapewa shilingi milioni 4 kila mmoja kwa sababu serikali ilishindwa kuwalinda ama kuchunguza. Walifungua 2013. Karibu miaka minane. Na wale wengine wanne hawakupewa.

Alafu kushinda si kulipwa. Serikali huwezi kuipigia mnada magari yake, ukishinda unachukua cheti cha hukumu unakipeleka serikalini, wakikaa kimya unarudi tena kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe. Nayasema haya usije ukakopa pesa kwa kutegemea hukumu. Ila bado naamini korti ndo mahali pekee ambapo jina la serikali linaandikwa kwenye karatasi kwamba ilikosea, na kuna wazazi ambao hio tu ndo wanaitaka.

Mtu akitekwa ama akipotea, hapo sahau ulinganisho wote huu, usingoje IPOA wala Tume, jambo la kwanza ni Mahakama Kuu kuomba amri mtu aletwe mbele ya jaji, akiwa hai ama maiti. Haki hii katiba hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote. Wakili anaweza kuipeleka siku hio hio kupitia mtandao, na Chama cha Mawakili kimesaidia familia nyingi. Disemba 2024 vijana kadhaa walipotekwa, mawakili walikwenda kortini, Inspekta Jenerali akaamriwa afike mwenyewe, na kabla ya kusikizwa Januari baadhi yao wakaachiliwa barabarani. Siwezi kusema ni amri ile peke yake ilifanya, kulikuwa na kelele nyingi, lakini ningekuwa mama wa mmoja wao ningeanzia pale.

Na mtu akifa selini, usikubali azikwe kabla ya upasuaji ambao daktari wenu yumo ndani ya chumba. Albert Ojwang alikufa mikononi mwa polisi Nairobi Juni 2025, maelezo ya kwanza yakasema alijigonga ukutani, upasuaji ukafanywa madaktari wa familia wakiwepo, na ukaonyesha kapigwa kichwani, kabanwa shingo na ana majeraha mwili mzima. Watu sita wakashtakiwa kwa mauaji, askari wakiwemo. Dini yetu inataka maiti azikwe haraka na mimi mwenyewe ni muislamu naelewa uzito wake, nimekaa na wazee wawili tofauti nikiwaomba siku moja zaidi. Mmoja alikubali. Mwingine alizika, na leo hana chochote cha kumuonyesha mtu.

Kwa hongo tu bila kuumizwa, EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Fupi.

Kwa hivo mimi nikiulizwa leo na mtu kama mpwa wangu, namwambia hivi. Usiku ule ule hospitali, na kwenye simu yako andika saa, mahali, namba ya gari, namba ya kazi ya askari kama uliiona, waliokuwepo. Nguo yenye damu ianike ikauke uitie kwenye bahasha ya karatasi, usiitie kwenye mfuko wa plastiki itaoza. Ndani ya wiki IPOA, na OB uichukue kituo kingine kabisa, sio kile cha yule mtu, uende na mtu mzima ama na mtu wa shirika. IAU unaweza kuwapa nakala, haikuzuii kitu. Alafu unaweka alama kwenye kalenda, mwezi wa sita uwe umeshamuona wakili hata kama IPOA hawajakwambia neno. Kwenda ofisi moja hakufungi nyingine, kinachofungika ni muda tu.

Mpwa wangu wachunguzi walikuja wakachukua maelezo yake na ya mama wa mahamri anaeuza pale kando ya kizuizi, ambae aliona kila kitu na akakubali kusema, Mungu amlinde. Faili likaenda Nairobi, sasa linangojea DPP. Wakili alifungua kesi zikiwa zimebaki siku kumi na moja miezi kumi na mbili itimie. Mkono umeunga lakini hauinuki mpaka juu, akiendesha umbali wa saa moja unakufa ganzi, kwa hivo ile pikipiki amemuachia mdogo wake na yeye anauza vipuri. Shati lake liko kwangu kabatini, kwenye bahasha ya kaki, tarehe nimeiandika kwa kalamu nyekundu.